Mtihani wa Mlango wa Stoo

"Kwa mamlaka niliyopewa na miaka minne ya bweni na uji usio na sukari, natangaza kwamba leo itajulikana kipi bora: digrii au ufundi."

Nilitangaza kimoyomoyo, nimebanwa kati ya magodoro mawili katika stoo ya ghorofani, nyumbani kwetu mtaa wa Kibokoni, napiga chafya.

Watahiniwa walikuwa wawili. Dada yangu Raihana ni mhandisi mwenye digrii, mwaka wa pili hana kazi. Mjomba Badawi ni fundi wa milango barabara ya Ndia Kuu, shule aliiacha darasa la saba. Niliwaita wanisaidie kuhamisha kabati, nikafunga mlango kwa ndani, nikatia ufunguo ndani ya soksi, kisha nikapiga kelele kwamba kitasa kimejifunga. Atakayetutoa ndiye mshindi.

Raihana alikichunguza kitasa, akaeleza vizuri sana kinavyofanya kazi. Kikabaki vilevile. Mjomba alikitikisa, akacheka.

"Vyombo vyangu viko dukani. Leo mimi na wewe, mhandisi, sote sawa."

Simu zilikuwa nyumba ya chini zikichajiwa. Dirisha lina nondo. Tuliita mpaka sauti zikakauka.

Mara Raihana akaketi juu ya gunia. "Saa sita nina mahojiano ya kazi, Mwembe Tayari. Sikumwambia mtu. Nimechoka kuulizwa nimejibiwa nini."

Joto lote la stoo likanipanda masikioni. Nikisema, nimekwisha. Nikinyamaza, amekwisha yeye.

Mjomba akaokota chuma cha kitanda. "Basi nauvunja mlango."

"Mjomba!" Raihana akamaka. "Mlango huu si aliuchonga babu?"

"Aliuchonga babangu mimi. Wewe utakwenda, mwanangu."

Akaingiza chuma kwenye bawaba. Nikaruka kumzuia, ufunguo ukanichoma kifundo cha mguu, nikapiga yowe.

Raihana akanitazama miguu. "Nabhan, shule zimefungwa. Nani avaa soksi Mombasa na joto hili?"

Nikavua. Aliunyakua ufunguo, akafungua, akashuka ngazi mbio.

"Nilitaka mmoja wenu ashinde," nikaanza. "Baba ataka niende chuo, Mjomba wataka nije karakanani. Kila mkila mwabishana juu yangu, na mimi mwenyewe sijui. Nisamehe, dada."

Dada alikuwa ameshafika barabarani. Aliyenisikiliza ni Mjomba, na chuma kilikuwa bado mkononi mwake.