Mgongo wa Mama Kwenye Karatasi

Mfungashaji alinawa mikono, akaikausha vizuri, akavaa glavu za pamba, kisha akatandika kadibodi safi juu ya meza. Akailaza picha ya mama yake mzazi akiwa kwenye stuli, anachambua mchele. Alipoanza kuifunika kwa karatasi nyepesi inayoonyesha, mama akageuka mlemle pichani, akampa mgongo.

Mfungashaji akaguna tu. Hata enzi za uhai wake mama hakuwa mtu wa makelele. Akikasirika aligeuza stuli na kuendelea na mchele wake.

Tabu ilikuwa ya kikazi. Picha haifungwi mpaka ikaguliwe usoni, isije ikawa na doa au mkunjo, na yeye uso alikuwa hauoni tena. Ikabidi amwite dereva wa vifurushi.

"Hebu niangalizie."

Dereva akainama mezani. "Yuko safi. Mimi ananitazama vizuri tu, ni wewe tu kakununia. Umemfanya nini bi mkubwa?"

"Lete boksi," mfungashaji akasema.

Alichomfanya alikijua. Picha ile aliichonga dada yake mkubwa kwenye kibao, mwaka ule mama alipofariki. Kibao kikapakwa wino, zikachapwa nakala thelathini, basi. Wachongaji wa vibao wana desturi yao: idadi ikitimia, kibao kinakwaruzwa kwa patasi kutoka pembe hadi pembe, isitoke hata nakala moja zaidi. Dada alishika patasi, akaiweka, akaishika tena. Kumkwaruza mama usoni kulimshinda. Akamkabidhi mdogo wake.

"Nifanyie wewe," alisema. "Wala usinionyeshe."

Naye akakifunga kile kibao kikiwa kizima, kwa uangalifu ambao hajawahi kufungia kitu chochote, akampelekea bosi wake, muuza picha. Wiki hiyohiyo akawa mkuu wa chumba cha kufungashia. Tangu hapo bosi huchapa nyingine kila akipata mteja wa mbali, huandika namba ya nakala ya uongo kwa penseli na kutia sahihi ya dada, na jamani, sahihi yenyewe anaipatia. Dada aliambiwa kibao kimekwaruzwa. Alimshukuru mdogo wake mpaka machozi yakamtoka, na mdogo mtu akazipokea shukrani, macho makavu.

Adhuhuri dada akaingia bila hodi, mkononi kashika bakuli lililofunikwa.

"Nimekuletea chakula, maana wewe ukishika hizo kadibodi unajisahau." Akaiona picha. "Kumbe bado zipo?"

"Imebaki hii moja. Ya zile thelathini."

Uongo ulimtoka laini mpaka akajichukia. Kidole gumba chake kikaenda juu ya sahihi na kutulia hapo. Mfungashaji huyuhuyu ndiye aliyewahi kumtoa dereva nje kwa kupiga chafya karibu na meza.

Dada akainama. Mama akamgeukia. Dada akatabasamu, kisha akakunja uso.

"Mbona mashavu yamemlowa?"

"Unyevu. Chumba hiki kina unyevu."

"Halafu unamfunga hivihivi? Si atafika ameota ukungu." Akachukua kwenye rafu vipakiti vya kukaushia unyevu, akavipanga mwenyewe ndani ya boksi, mbali na karatasi, kama inavyotakiwa. "Na toa hicho kidole. Fundi mzima unachafua kazi."

"Nashikilia isiteleze."

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka. Neno moja lingetosha, na dada alikuwa amesimama hapohapo, wala hana haraka. Alilitafuta, akalipata, akalimeza.

Wakamfunga mama pamoja. Dada alishikilia kadibodi ya juu isicheze, mfungashaji akazungusha utepe, dada akazibonyeza pembe moja baada ya nyingine na kulipangusa boksi vumbi kwa upindo wa gauni lake.

"Anakwenda wapi?"

"Mbali."

"Afadhali unamfunga wewe," dada akasema. "Mwingine nisingemwamini."

Akamsogezea bakuli, akamwambia asiache chakula kipoe, akaondoka zake. Mfungashaji alivaa glavu nyingine, akafungua droo, akatoa nakala iliyofuata.