Viti Vinane vya Mahameli

Bosi wetu tulimwita Nusu, na wala si kwa sababu ya kimo. Mtu mrefu yule, akiingia karakana lazima ainamishe kichwa. Tulimwita Nusu kwa sababu kila mwisho wa mwezi alikupa nusu ya mshahara na kukuambia, "Nusu nyingine wiki ijayo," na hiyo wiki ijayo mimi nimeingoja miaka tisa. Miaka tisa nawashonea watu makochi, mwenyewe nyumbani nakalia ndoo iliyopinduliwa!

Lakini msidhani nilikuwa nimelala. Nyuma ya soko kulikuwa na muuza mashine kuukuu, na kwake nilikuwa nimeiona cherehani nzito, ile ya kushonea turubai na ngozi, nyeusi, mguu wa chuma, sindano nene. Nilimwomba nilipe kwa mafungu manne. Matatu nilishayalipa kwa kuungaunga, fungu moja hapo nimeuza hadi kitanda cha wageni. La nne ndilo lililonikaba. Baba watoto walikuwa wamemsimamisha kazi ghalani, kodi ya nyumba imefika mlangoni, na muuza mashine hakunificha: "Jumapili jioni, fundi. Ukishindwa, Jumatatu naiuza. Yupo mtu anaitaka kwa pesa taslimu."

Sasa sikilizeni. Siku hiyohiyo Nusu akatukusanya, akasema kazi zimepungua, twende nyumbani wiki nzima bila malipo, turudi Jumatatu saa mbili kamili. Wenzangu walinuna. Mimi nilitamani kumkumbatia, kwa sababu nilikuwa na oda. Oda yangu mwenyewe, haikupitia kwa mtu! Daktari wa meno wa barabara ya pili alitaka viti vinane vya chumba chake cha kungojea vibadilishwe sponji na kuvishwa mahameli ya kijani, Jumamosi saa nne asubuhi viwe vimefika. Pesa ya kitambaa alinipa mkononi.

"Watu wakija hapa wanatetemeka," aliniambia. "Nataka angalau mikono yao ishike kitu laini."

Malipo ya kazi yalitosha fungu la nne, na juu yake kodi ya mwezi. Nilipiga hesabu mara tano, kila mara jibu lilelile, na kila mara nacheka peke yangu kama mwehu. Muuza mashine naye akakubali nikae na cherehani wiki ile nyumbani, ila alinitishia kuwa ikipata hata mkwaruzo atanidai na rangi.

Basi chumba chetu cha mbele kikageuka karakana. Baba watoto aling'oa pini za zamani kwa bisibisi, nyundo na koleo, mimi nakata, nashona, navisha. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, alikaa mlangoni akisimamia.

"Mwanangu," anamwambia baba watoto, "hiyo nyundo unaishika kama kijiko. Ndiyo maana unapenda kula."

Tulicheka wiki nzima. Nilikuwa naamka kabla ya jua, si kwa shida, kwa hamu! Ile cherehani ukikanyaga inanguruma mpaka sakafu inatetemeka, na mimi moyo unanguruma nayo. Kufika Ijumaa saa tano asubuhi, viti sita vimekwisha, tumevipanga barazani, jua limevipiga sawasawa. Nikasimama mikono kiunoni. Nikajisemea, mama wewe, umetoka.

Mama mkwe akavitazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Mke wa mwanangu," akasema, "kitambaa kiliisha ukaongeza kingine?"

"Hapana, mama. Ni kilekile."

"Mbona hapa pa kukalia pamekunja uso na pa kuegemea panacheka?"

Nikaangalia. Jamani! Kiti cha kwanza, kikalio cheusicheusi, kiegemeo kinang'aa. Cha pili kinyume chake. Cha tatu chote kinang'aa. Cha nne sijui hata nikiite nini.

Ngoja niwaeleze, maana asiyeshona hataelewa kilio changu. Mahameli ina manyoya mafupi, na manyoya hayo yamelala upande mmoja. Ukiyapapasa kwenda chini yanateleza na kung'aa, ukiyapapasa kwenda juu yanasimama na rangi inaiva, inakuwa nzito. Kwa hiyo vipande vyote hukatwa vikiangalia upande mmoja, kitambaa kipotee kitakachopotea. Ila kwa Nusu sisi tulikata kichwa-miguu, kipande kimoja kinaangalia juu, mwenzake chini, vibanane, kisibaki hata cha kufutia pua. Kwa kitambaa cha kawaida hakuna neno. Mahameli Nusu hakuwahi kuinunua hata siku moja, ghali. Na mimi, kwa tamaa ya kuokoa mita moja na nusu, niliikata oda yangu ya kwanza kwa mkono wa Nusu. Kichwa-miguu, vipande vyote kumi na sita.

Nilikaa chini nikalia. Nasema kweli, nililia kwa sauti. Kununua kitambaa kingine maana yake fungu la nne halipo. Bila fungu la nne hakuna cherehani, na bila cherehani Jumatatu saa mbili kamili niko mbele ya Nusu, napewa nusu yangu hadi nizeeke.

"Mama watoto, nyamaza kwanza," baba watoto akasema. Alikuwa amechuchumaa mbele ya viti, anapapasa kimoja kimoja kwa kiganja kama anayetafuta homa. "Vikalio vinavyong'aa ni vingapi?"

"Vinne, si nilikata nusu kwa nusu!"

"Na viegemeo vinavyong'aa?"

Nikahesabu kwa vidole. Vinne. Vinne! Niliruka pale chini, nikamnyang'anya koleo. Tukivifungua vyote na kuvipanga upya, viti vinne vitang'aa juu hadi chini, na vinne vitaiva juu hadi chini. Hakuna kiti kitakachogombana na nafsi yake. Bado zingekuwa rangi mbili, sawa, lakini rangi mbili zenye akili.

Tulifungua pini zaidi ya mia tatu mchana ule. Mama mkwe mwenyewe aliacha mlango, akavaa miwani, akawa anaokota pini sakafuni na kututukana kwa mapenzi. Giza halijaingia, viti vinane vimesimama.

Jumamosi tukampata dereva wa pikipiki ya mizigo, ile ya magurudumu matatu. Kiti chake kimechanika mpaka sponji inachungulia, amekifunga mfuko wa plastiki. Njiani alikuwa anageuka kutazama mzigo kuliko anavyotazama barabara.

"Fundi, na hiki changu unaweza?" akaniuliza.

"Angalia mbele kwanza, tufike wazima!"

Tulifika. Chumba cha kungojea cha daktari ni kirefu, kina dirisha kubwa upande mmoja, na ukuta mweupe upande wa pili. Tulivipanga viti mchanganyiko kwa haraka, na kabla sijafuta jasho daktari akatoka na koti lake jeupe. Nilikuwa nimejipanga kusema. Njia nzima nilikuwa nasema na moyo: useme, usiseme, pengine haoni.

Nikapiga moyo konde. "Daktari, kabla hujakaa. Kitambaa ni kimoja, lakini nilikikata vibaya. Vinne vinaonekana vyeusi kuliko vinne. Kosa ni langu. Ukitaka nivirudie, nitanunua kitambaa kwa pesa yangu, ila nipe wiki moja."

Wakati naitamka ile "pesa yangu" nilihisi cherehani inatoka nyumbani kwa miguu yake yenyewe.

Daktari akatabasamu kidogo. "Nimeona toka mlangoni. Fundi, mimi kazi yangu kutwa ni kulinganisha jino jeupe na jino jeupe. Ulidhani utanificha?"

"Nilidhani kidogo," nikasema, na ni kweli.

Alicheka, lakini hakusema kama anavikubali. Akaanza kuvizunguka, amefunga mikono, uso hausomeki. Na mimi sikujua pa kutazama, nikatazama viti. Hapo ndipo nikaona kitu. Kiti kimoja cheusi, dereva alikiweka mbali na wenzake, kwenye ukuta mweupe, kikitazama dirisha. Mwanga unakiangukia usoni. Na weusi haupo! Kimenyanyuka, kijani kibichi kabisa.

"Daktari, usiseme kitu! Tafadhali, dakika mbili!"

Nilivishika viti kama ninayezima moto. Vyeusi vyote vinne nikavipeleka ukuta mweupe, vinywe mwanga wa dirisha. Vinavyong'aa vinne nikavigeuza mgongo kwa dirisha, vikae kivulini. Baba watoto ananiuliza, "Unafanya nini?" na mimi tayari nimebeba kingine. Kile cha mwisho nilikisukuma kwa goti. Nikarudi hadi mlangoni, nikageuka.

Viti vinane. Rangi moja.

Nilipiga kelele mpaka mgonjwa akachungulia kutoka ndani na pamba mdomoni. Daktari alikuja akasimama hapo nilipokuwa, akafumba jicho moja, akafumba la pili, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti, akarudi.

"Cha mwisho kule nakiona bado, kidogo sana," akasema. "Na jioni jua likihama nitaviona vyote. Lakini jioni huwa nimefunga."

Alinilipa palepale. Alikata bei ya kitambaa cha kiti kimoja, alisema hawezi kulipia kosa kana kwamba si kosa, na mimi sikubisha. Ilibaki ya fungu la nne na theluthi mbili za kodi. Mwenye nyumba tutazungumza naye, nikasema moyoni, yule naye ana masikio. Nje, dereva ananingoja ameegemea pikipiki yake.

"Kwa hiyo hiki changu shilingi ngapi?"

Nikamtajia bei. Akashika kichwa. Miaka tisa nilisikia Nusu akitaja bei, mimi sijawahi kutaja hata moja, na ulimi uliniwasha kushusha kabla hajaomba. Nikaubana kwa meno. Akazunguka pikipiki mara moja, akauvuta ule mfuko wa plastiki, akasema, "Jumatatu asubuhi nakuletea. Lakini kiwe na mshono mweupe pembeni."

Jumapili sikungoja jioni. Saa tatu asubuhi nilikuwa kwa muuza mashine, nimevaa nguo ya kutokea. Alihesabu, akahesabu tena, akanipa karatasi yenye mhuri: imelipwa yote. Nilimwomba anisomee kwa sauti. Alidhani sijui kusoma, maskini. Nilitaka tu kuisikia inasemwa na mtu mwingine.

Jumatatu dereva alifika mapema kuliko alivyoahidi. Nikaweka kiti chake mezani, nikakivua ngozi kuukuu, nikapima, nikakata ngozi mpya polepole, kila kipande kikitazama kinapopaswa kutazama. Mama mkwe alikuwa mlangoni na kikombe chake. Baba watoto anachonga kibao cha kutundika nje, ametoa ulimi kwa umakini.

Saa mbili na dakika kumi simu ikaita. Nusu.

"Wewe uko wapi?" Sauti yake ilijaa karakana nzima huko aliko. "Nilisema saa mbili kamili! Wenzako wote wako kazini!"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwa ajili ya siku hiyo. Miaka tisa ya maneno, mengine hayafai mbele ya mkwe. Lakini mguu wangu ulikuwa tayari umekanyaga, mashine inanguruma, mshono mweupe unatoka umenyooka, na maneno yote yakaniruka.

"Na mimi niko kazini, bosi," nikamwambia. Nikakata simu, nikaendelea kushona.