Bibi wa Rokoko Asiyekauka

Tangu asubuhi rafiki yangu Faustin alikuwa akimpepea yule mwanamke wa Kifaransa kwa kofia yangu, kama mgonjwa wa homa.

"Amekauka?" niliuliza.

"Iko mubichi, kaka. Mubichi sana."

Mwanamke mwenyewe alikuwa picha. Frère Hubert, mtawa aliyekuwa mwalimu wetu wa uchoraji, alitundika ukutani picha ya kuchapwa ya mtindo uitwao rokoko: bibi wa miaka mia mbili iliyopita, gauni la waridi, mashavu ya waridi, hata kondoo wake wa waridi. Darasa zima tuliamriwa kumnakili kwa rangi za mafuta. Atakayefaulu angechukuliwa na shule ya sanaa huko Bukavu. Kwa Faustin huo haukuwa mchezo: mjomba wake Sebarenzi alikwisha kutamka kwamba asipochukuliwa, arudi kijijini Nyamitaba kuchunga ng'ombe, na masomo basi.

Mvua ikakata barabara, na mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi yakatuishia. Frère alisema tusubiri. Faustin hakusubiri. Mama yake alikuwa amemtumia kibuyu cha mafuta ya ng'ombe ya kujipaka; akachanganyia rangi ya uso. Lo, bibi aling'aa! Tulipiga magoti mbele yake, mimi nikiongoza litania. Lakini mafuta ya kitani hukauka. Ya ng'ombe hayakauki hata parapanda ilie.

Na sasa barabara ilikuwa imefunguka, na Maître Séraphin, mchoraji wa shule ile ya Bukavu aliyekuja kutuchagua, alikuwa darasani na suti yake nyeupe, akipita picha baada ya picha, akibonyeza kila shavu kwa dole gumba.

"Picha mbichi, mwanafunzi mzembe," alisema. Shavu alilochora Callixte lilikuwa bichi kidogo karibu na sikio. "Wewe, tafuta jembe."

Zikabaki picha mbili. Ikabaki moja, ya Faustin. Nilitimiza wajibu wa rafiki: nikaanguka chini, eti nimezimia, kwa heshima zote.

Maître alinivuka kama gogo. "Huyu amekufa?"

"Hapana, Maître," alijibu Frère Hubert. "Huyu njo Raphaël, ni kawaida yake."

Dole gumba likazama shavuni. Likatoka waridi tupu. Akalinusa.

"Mafuta ya ng'ombe! Nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna mutu, Maître." Faustin alijibu, kofia yangu bado mkononi. "Kwetu bibi arusi hatokake mbele ya batu na ngozi mukavu. Ni haya kwa mama yake. Huyu hakukuwa na mutu wa kumupaka."

Hakuna aliyecheka, hata mimi niliyekuwa na nafasi nzuri pale chini.

Maître alichukua kisu, akakwangua uso wote. Akaiondoa picha ya kuchapwa ukutani, akaweka mezani chupa yake ya mafuta ya kitani.

"Mrudishie uso bila kunakili. Upesi, lori yangu iko tayari."

Faustin alichovya brashi. Paji likaja, pana. Macho yakaja, mazito. Shavu la waridi halikuja kamwe. Lilikuja la kahawia, la mama wa Nyamitaba ndani ya gauni la Ufaransa.

"Mon Dieu," Frère Hubert alinong'ona, "si yule!"

Maître alisogea karibu. Hakubonyeza kitu.

"Kondoo ni mbaya sana," alisema. "Kondoo utajifunza kule Bukavu. Kimbia ulete blanketi yako."