Mashine yenye kungojea courant

Mutoto wangu Joyeuse hakukatwa juu ya kukosa akili. Ninaanza na hiyo, juu batu ba hapa Mususa banasema mwanamuke na mashine ya mbao habapatane. Joyeuse alijua ile mashine kupita wanaume bote ba atelier, fasi alitumika.

Ni mashine ya kunyoosha mbao, yenye bafundi banaita dégauchisseuse. Iko na meza ya chuma imekatwa katikati, na mule katikati visu vinazunguka mbio, hata macho hayavione. Ubao unapita juu, visu vinakula chini. Tangu tulikimbia vita Kalunguta na kuacha shamba, ni ile mashine ilitulisha, mimi na badogo zake. Nilipomupelekea chakula saa sita, nilisimama kwa mulango, nikimuchunga kama mutu mwenye kuweka maziwa kwa moto.

"Mama, kuja uone," aliniambia siku moja, juu alichoka na woga wangu. Akanionyesha. Kibati chenye kufunika visu, hakitoke. Ubao mufupi kama kiganja haupite pale, visu vitaubeba na vidole pamoja. Mikono haisukume juu ya visu. Kuko kipande cha mti chenye pa kushikia, kama pasi, njo kinasukuma. Shati ya mikono mirefu, hapana. Kitambaa cha kulegea, hapana. Na unasimama kando, hapana nyuma ya ubao, juu ubao ukikataa unarudi kama mbuzi mwenye hasira.

Roho yangu ikatulia kidogo. Halafu, nikiwa bado pale, courant, umeme wetu, ikakatika. Mashine ikashusha sauti, ikanyamaza. Bote bakaacha kazi, bakaketi juu ya mbao. Hakuna mutu aligusa bouton ya kuzima.

"Papa Paulin," nikauliza patron wa atelier, "hamuzime?"

"Tukizima, Mama Joyeuse, tutajua namna gani courant imerudi? Ile njo kengele yetu."

"Kengele yenye meno," akasema Malachie, mwenye kupaka mbao vernis ya kung'aa, na bote bakacheka.

Na haikuwa bao ba atelier tu. Kanyere wa salon ya nywele, ngambo ya barabara, na yule mama mwenye congélateur ya kugandisha samaki, bote balingojea ile mashine ilie. Courant ya mtaa wetu inaenda na kurudi vile inataka. Mashine ikilia, kila mutu anarudi kwa kazi yake.

"Mutundike hata ampoule, ikiwaka mutajua courant imerudi," nikasema.

"Ampoule haina sauti, mama. Na muchana nani ataiona?"

Joyeuse akanishika mukono, akanipeleka inje. "Mama, unanipatisha haya mbele ya benzangu. Visu vinaogopesha vikizunguka. Vikisimama ni chuma tu."

Kosa njo hilo, na alilifundishwa na bote, hapana mutu mumoja. Visu vikisimama na bouton haikuzimwa, haviko chuma tu. Musome hapo polepole.

Atelier ilipata commande ya mabenchi ya shule. Mbao za mti wenye banaita libuyu zilifika kutoka Beni zikiwa bado mbichi, na mavumbi yake yenye maji yakashikana kati ya visu. Mashine ikishikana unaisafisha. Saa gani? Saa courant hakuna, juu mashine imelala na mikono haina kazi ingine. Bote banafanya vile. Mutoto wangu, mwenye kufuata sheria zote visu vikizunguka, akaondosha kibati, akaingiza mukono wa kuume, akakwangua na vidole.

Kanyere aliniambia alisikia mashine ikilia, akajua courant imerudi, akamuweka cliente chini ya casque ya kukausha nywele. Hakujua kitu ingine mpaka aliona bafundi banakimbia na Joyeuse mu mikono.

Hakukubaki kitu cha kushona. Docteur alisawazisha, akafunga. Joyeuse alipoamka aliuliza nani anamalizia mabenchi.

Papa Paulin alikuja hospitali, akalia mbele yangu, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nikafikiri basi, amejifunza. Nikapita kule atelier baada ya mazishi ya ule mukono, ninaita vile juu tulizika vidole nyuma ya nyumba. Courant ilikuwa imekatika. Bouton ilikuwa vilevile, haikuzimwa.

Nikaanza kwenda. Kila courant ikikatika, ninaacha jiko, ninaingia atelier, ninazima mimi mwenyewe.

"Mama Joyeuse, umekuwa directeur wa courant?" Malachie akanitania.

Sadrack, yule alichukua nafasi ya mutoto wangu, hakucheka. "Mama, unatuletea mukosi. Yako yalikufika. Utuache."

Hata Kanyere alinikasirikia, juu courant ilirudi na hakuna mutu alijua, na cliente akaenda na nywele yenye maji.

Halafu Papa Paulin akafika kwetu, akaongea na Joyeuse, hapana na mimi. Atamurudisha kazini, apake vernis na mukono wa kushoto pamoja na Malachie. Lakini mama asikanyage tena mule.

"Mama, ninakuomba," Joyeuse akasema Papa Paulin alipoenda. "Nani mwingine atachukua mutu wa mukono mumoja?"

 

Basi siendi. Mama yake Sadrack tunasali naye chapelle moja, tunapeana amani, na simuambie kitu, juu nikimuambia itafika kwa Paulin. Ninaandika tu hapa, labda itasomwa na mama mwenye mutoto kwa mbao, fasi jina yetu haijulikane. Enda kule courant ikikatika. Angalia kama banazima.

Mimi nikiwa nyumbani na mashine ianze kulia, ninafunga pumzi, ninasikiliza kama kuko sauti ya mutu ndani ya ile sauti. Leo haikuwako. Badogo bakachomeka telefone, na mimi nikaendelea kumenya mihogo.