Mche Uliokaa Kiti cha Mervyn

Dereva ndiye aliyeufunga mche ule mkanda. Valma alikuwa ameupandisha basini ndani ya chungu cha udongo, akaangaza huku na huku, akaona kiti kimoja tu kitupu, kile kilicho kando ya Noelene, akautua hapo bila kuuliza.

"Nishikie, shoga. Kule nyuma utarushwarushwa," akasema, kisha akaketi kwenye kiti chake mwenyewe, nyuma ya Noelene.

Dereva akaupitishia mkanda, akataka kujua kama abiria huyu naye atalipa nauli ya wazee. Basi zima likacheka. Noelene alitazama dirishani. Tangu mumewe, Mervyn, azikwe, majira ya baridi ya mwaka uliopita, hakuna mwanachama aliyethubutu kukikalia kiti kile.

Walikuwa chama cha bustani cha mji wa Horsham, wakienda kusini kutwa moja kutazama nyumba kongwe ya Glenorra, kama walivyokwenda kila msimu wa maua. Mervyn alikuwa mwenyekiti wao kwa muda mrefu. Kabla ya kushuka popote, alikuwa akisimama karibu na dereva, anashika kipaza sauti na kuwaonya: "Mikono mifukoni, mabibi na mabwana. Tumekuja kutazama, hatukuja kuvuna." Palikuwa na bustani moja walimowahi kufukuzwa kwa sababu ya mtu mwenye mkasi mkobani, na aibu ile Mervyn hakuisahau.

Basi lilipoingia uwandani, Valma alisogeza kichwa mbele akaanza kueleza. Lile waridi kuukuu la Glenorra, lililotambaa kwenye ukuta wa jiko tangu enzi za bibi wa kwanza wa nyumba, lilikufa kwa joto kiangazi kilichopita. Wenyeji walikuwa wakitafuta kitoto chake kila mahali, wasipate. Na yeye anacho. Kisha akashusha sauti.

"Mervyn ndiye aliyenipa. Siku ile tulipokuja Glenorra alikata viwili, kimoja chako, kimoja changu. Hukujua?"

"Nilijua," Noelene akajibu.

Hakujua. Alichokijua ni jioni moja jikoni kwake, Mervyn akiingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti na kutoa kijiti kilichoviringwa kwa gazeti bichi, ndani ya mfuko wa mkate. Uso wake ulikuwa mwekundu kama wa mtoto. "Nimekuibia," alimwambia. "Maisha yangu yote sijaiba, ila leo, kwa ajili yako." Wakakipanda kando ya tangi la maji, kikashika, kikatoa maua. Mervyn alipofariki, Noelene alishusha mapazia, akawa hatoki. Kiangazi kikaja. Siku aliyokumbuka kumwagilia, alikuta vijiti vikavu vinavyovunjika mkononi kama biskuti.

Sasa, kumbe, kilikuwapo kingine. Alichodhani ni chake peke yake kiligawanywa, na fungu lake ameliua kwa mkono wake, na fungu la Valma limekaa hapa limefungwa mkanda, lina majani ya kijani yanayotikisika kila basi linaporuka.

Alijaribu kukumbuka lini ilikuwa. Goti lake lilipoanza kumsumbua, alikuwa akibaki penye chai, akilinda skonzi na jemu, na Mervyn akizunguka bustani. Hakuwahi kujiuliza anazunguka na nani. Zamani walizunguka pamoja, Mervyn akimtajia miti, na kila msonobari akiuita mwerezi. "Msonobari, Mervyn," yeye alikuwa akisema, tena kwa sauti ya kusikika na wote. Alidhani ni utani wao.

Glenorra haikumwingia machoni. Mama wa kujitolea aliyewapokea, mwenye beji kifuani, aliwapitisha sebuleni, maktabani, kwenye ngazi zinazolia. Chumbani kwa wenye nyumba kamba ilizuia mlango, na ng'ambo ya kamba kilikuwapo kitanda chenye mito miwili. Wenzake walisifu shuka za darizi. Noelene aliitazama mito hiyo, kisha akautazama mgongo wa Valma, jinsi ulivyonyooka, wala hauna goti bovu la kuubeba.

Nyuma ya jiko shimo lilikuwa limeshachimbwa. Yule mama aliupokea mche kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Akauliza umetoka wapi, maana wataweka kibao hapo ukutani.

"Bibi yangu alikuwa akifua nguo nyumba hii," Valma akasema, bila kumeza mate. "Walimpa kipande. Kimekaa kwetu tangu hapo."

Noelene alielewa papo hapo. Valma alikuwa akimficha Mervyn. Na hilo ndilo lililomchoma kuliko kile kijiti cha pili: kwamba heshima ya mume wake inalindwa na mwanamke mwingine, hapa, mbele yake, kana kwamba yeye hayupo. Akinyamaza, waridi la Mervyn litaingia ardhini kwa jina la bibi yake Valma. Akisema, atamvua nguo marehemu mbele ya watu wale wale aliokuwa akiwaonya.

"Bibi yake hakufua hapa," alisikia sauti yake ikisema.

Watu wakageuka.

"Mume wangu aliiba. Mervyn Kuhne, mwenyekiti. Alikata kwenye ukuta huu akaficha kwenye koti. Aliniibia mimi." Akapumua. "Huyu alipewa kilichobaki."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikohoa. Mwanamke aliyesimama pembeni aliuvuta mkoba wake taratibu, akaukumbatia. Yule mama mwenyeji aliutazama mche, akautazama ukuta mtupu, kisha akamtazama Noelene.

"Kuhne inaandikwaje?" akauliza.

Noelene akamtajia, herufi moja moja.

Wakati wa kurudi, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, kimebaki na udongo kidogo. Hakuupangusa. Valma alipita akaketi nyuma yake.

"Ninao mwingine nyumbani," Valma akasema. "Nitakukatia."

Noelene hakushukuru. Alisubiri hadi mji mdogo walioupita ukaachwa nyuma, ndipo akauliza bila kugeuka:

"Alikuwa akikuambia nini, mlipokuwa mkitembea?"

Valma alisogeza kichwa mbele. "Majina ya miti. Mengi alikosea. Nilimwachia tu, alikuwa anafurahi."

Noelene alifumba mkono juu ya goti. Mbele yao, kandokando ya barabara, ilitokea safu ya misonobari inayokinga upepo wa shamba la mtu, mirefu, myeusi kwa jua la jioni, ikaanza kupita dirishani mmoja baada ya mwingine.

"Mierezi," akasema polepole, akikielekea kiti kile.