Mwenyekiti wa Tatu
Tangu chama kishindwe kura ya maoni, kilikuwa kimeshatimua wenyeviti wawili, na mtaani mwanachama akikusalimia unashika mfuko. Fundi cherehani aliwacheka mpaka machozi, hadi asubuhi ile mumewe alipoingia kibandani kifua mbele.

"Mke wangu, wa tatu ni mimi!"

Jirani aliyekuwa ameleta kitambaa cha gauni la harusi ya bintiye akakikunja upesi, akakibana kwapani.

"Shoga, usinielewe vibaya. Chama chenu kilituapia kura zimetosha, kumbe zimepelea. Na gauni je, kitambaa kitatosha?"

"Mimi nashona, sihesabu kura!"

"Lakini mnalala kitanda kimoja."

Wateja wengine wakaanza kuchambua vitambaa vyao. Fundi akamkazia mumewe macho. Mume akakuna kipara, akapiga simu chamani.

"Najiuzulu. Ndiyo, sasa hivi. Hata chai sijanywa."

Fundi akashusha pumzi, akamkabidhi sindano apachike vifungo. Jirani akarudisha kitambaa mezani, kisha akavuta kigoda.

"Kata, shoga. Ila hapa sibanduki, nauangalia huo mkasi."