Hodi ya Kila Saa

Asubuhi aliyofariki Melkizedeki, kompyuta yake iliendelea kupiga hodi. Ilikuwa juu ya stuli kando ya kitanda, feni yake ikikoroma kama paka mwenye mafua, na kila saa ilipotimia ilituma kina cha maji ya kisima cha Iguguno kwenye mashine ya Elisha, rafiki wa marehemu, Singida Mjini. Saa nne ilituma. Wanawake wakaingia, wakamfunga marehemu kidevu, wakafungua madirisha. Saa tano ikatuma tena. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Yunisi, mkewe, alikumbuka, ila hakutaka.

Yunisi hakuwa fundi. Alikuwa na kidato cha nne na mwandiko mzuri. Lakini miezi saba ya mwisho, vidole vya mumewe vilipokufa ganzi, yeye ndiye aliyechapa huku mume akimtajia maneno kutoka kitandani. Hivyo alijua jinsi programu inavyofungua soketi, yaani njia ya kuzungumza na mashine nyingine.

"Ni kama kwenda kwa mtu," Melkizedeki alimwambia. "Anwani ndiyo nyumba, namba ya mlango ndiyo chumba. Unapiga hodi. Wa ndani anasema karibu. Nawe unaitikia kwamba umesikia. Hayo matatu yakitimia, njia imefunguka, semeni mnachotaka."

"Na asipoitika?"

"Hodi tatu, basi. Unarudi kwako. Kwani hukulelewa?"

Ndivyo alivyoiandika: hodi tatu, kisha programu inapumzika hadi saa nyingine. Hata majibu aliyaweka kwa Kiswahili ili mkewe asihangaike. Ikiandika "haikujibiwa", huko hakuna mtu. Mashine imezimwa, imeungua, au njia imekatika. Ikiandika "imekataliwa", mashine ni nzima na imerudisha jibu papo hapo, ila mlangoni hapo hakuna anayesikiliza. "Kukataa ni kazi ya mzima," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Yunisi aliyaandika hayo katika daftari lake la kwaya, nyuma ya nyimbo za Pasaka.

Kwa njia hiyohiyo zilipita sauti. Alipojua hatapona, Melkizedeki alianza kumrekodia binti yao Damari, ambaye hakuwa amefikisha miaka minne. Alimsimulia usiku aliozaliwa, paa likivuja na mkunga akidai mwavuli. Alimweleza namna ya kuchagua kitunguu kisichooza, na nini cha kumwambia bibi yake akinuna. Zilifika thelathini na moja. Kila moja ilipofika mjini, alimwagiza mkewe aifute hapa, kwa kuwa kompyuta hii ilikuwa imekwisha kupoteza kila kitu mara mbili. "Kwa Elisha ni salama," alisema. Elisha alikuwa rafiki yake tangu kidato cha kwanza. Mmoja aliandika programu ya kisima, mwingine akatoa ofisi na mashine isiyolala.

Msibani Elisha alibeba jeneza upande wa kichwa. Alilala siku mbili kwenye mkeka na wanaume wa kijiji, akala ugali uliopoa bila kulalamika. Siku ya tatu akarudi mjini, na jioni akapiga simu.

"Shemeji, nimekuta radi imepiga. Mashine imeungua yote. Sijui hata nikuambie nini."

Yunisi alilia kama aliyefiwa mara ya pili. Kisha akamfariji. "Pole, shemeji. Si wewe, ni radi."

Wiki sita baadaye, alizeti ikiwa imeanikwa uani, mama mkwe wake, Yustina, alisimama mlangoni na ungo.

"Hilo dude la mwanangu linakula umeme, nawe unalitazama kama mgonjwa."

"Nitalizima, mama. Ngoja nisome liliandika nini mwishoni."

Alifungua. Mistari ilishuka, mmoja kwa kila saa: imepokelewa, imepokelewa, hadi siku ya tatu ya msiba, saa tisa alasiri. Saa kumi iliandika "imekataliwa". Kuanzia hapo hadi asubuhi hiyo ni neno hilohilo. Yunisi alipitisha kidole kwenye kioo, wiki baada ya wiki. Akalifungua daftari la kwaya, akasoma alichokwisha kukijua. Hakukuwa na "haikujibiwa" hata moja.

"Linasemaje?" Yustina akauliza.

"Linasema Elisha yuko nyumbani."

"Hilo nalo la kuambiwa na kompyuta?"

Kesho yake alipanda basi la asubuhi, flashi ya kuhifadhia sauti ikiwa ndani ya kiganja. Katika ofisi ya Elisha, karibu na stendi, binti wa mapokezi aitwaye Ritha alimkaribisha chai. Ukutani palikuwa na picha mpya, kubwa: kisima cha Iguguno, na chini yake jina la mbunifu. Lilikuwa jina la Elisha peke yake. Chini ya meza mashine ilinguruma, na ubavuni mwake kulikuwa bado na karatasi ya gundi yenye mwandiko wa Melkizedeki: usizime.

"Shemeji, umekuja kimyakimya kama mkaguzi," Elisha alisema akitabasamu.

"Imepona radi?"

Alitazama chini ya meza. "Tuliitengeneza."

"Mashine iliyoungua haikatai, shemeji. Hii imenikatalia kila saa, wiki sita."

Ritha alikusanya vikombe ambavyo havijanywewa, akatoka.

"Nilizima ile programu inayosikiliza," Elisha alisema hatimaye. "Ina jina lake kila mahali. Wageni walikuja kutoka Dodoma kuitazama kazi. Ningewaambia nini, kwamba mwenyewe amekufa?"

"Ungewaambia anaitwa nani."

"Mimi ndiye niliyembeba mpaka kaburini."

"Nilikuona. Nilikushukuru." Aliweka flashi mezani. "Jina lichukue. Nimefuata sauti alizoachiwa mtoto tu."

Elisha hakuigusa. Alisema zipo, hajazigusa, ila zimechanganyika na vitu vya watu. Jumatatu saa nne atafungua mlango, ili Yunisi azivute mwenyewe akiwa nyumbani. Yunisi alimwamini, kwa sababu sauti zilikuwa kwake na hakukuwa na mwingine wa kumwamini. Ndani ya basi ndipo aliposikia uchungu wa alichokisema. Alikuwa ametoa jina la mumewe kama mtu anayetoa kiti.

Jumatatu alimwogesha Damari, akamketisha kwenye stuli.

"Ni baba?"

"Subiri kidogo."

Saa nne ilitimia. Siku zote jibu la kukataa lilikuja upesi kama kofi. Safari hii halikuja. Sekunde thelathini zilipita, hodi ya pili ikapigwa, kisha ya tatu. Kioo kikaandika: haikujibiwa.

Alipiga simu. Elisha alipokea mara moja, sauti yake tulivu, hata ya huruma.

"Mashine gani tena, shemeji? Ile si iliungua na radi?"

Yunisi hakuizima kompyuta. Inapiga hodi tatu kila saa, na kila saa anaandika kina cha maji katika daftari la kwaya, na mbele yake jina la Melkizedeki.